Paka wawili wanaweza kuishi katika lupango moja

Leo sitaongea juu ya mapigano wala juu ya barabara. Nitaongea juu ya paka. Wengine watacheka. Lakini mwenye mfuko mmoja tu wa unga chini ya kitanda, anayeamka asubuhi na kukuta panya wametoboa pembe yake, huyo hatacheka.

Tangu mwisho wa mwaka 2017, mapigano yalipoanza tena huko Djugu, familia nyingi zimekimbilia Bunia. Wengine wako Kigonze na katika kambi zingine. Wengine wamepokewa na ndugu na marafiki huku Mudzi-Pela, Nyakasanza, Lumumba na kwingineko. Unakuta familia mbili, hata tatu, katika lupango moja. Mwenye nyumba ana paka wake wa siku nyingi. Aliyekuja anaona panya ni wengi, anatafuta paka mkubwa anayejua tayari kuwinda, maana mtoto wa paka atamfanya angoje miezi. Anampata sokoni au kwa jirani anayehama. Jioni ile ile anamfungua kamba katikati ya uwanja.

Usiku watu hawalali. Asubuhi paka mmoja ana sikio lililopasuka, mwingine hajulikani alipo, na akina mama wawili waliokuwa wakipika kwenye moto mmoja hawasalimiani. Mmoja anasema: "Dada, paka wako amekuja kuua wangu." Mwenzake anasikia neno lingine ambalo halikusemwa: kwamba yeye mwenyewe amekuja kusumbua.

Maoni yangu ni haya: kosa hapo si la paka, wala si la mama yeyote kati ya hao wawili. Kosa ni haraka. Paka mkubwa na paka mwenyeji wanaweza kupatana, lakini wanahitaji fasi, chakula na muda, na vitu hivyo vitatu ni sisi watu tunaovigawa.

Wapo watakaonijibu kwa methali: mafahali wawili hawakai zizi moja. Waache wapigane, mwenye nguvu atabaki. Nimesikia wazo hili mara nyingi, na silikubali. Paka wanaopigana hawawindi. Yule anayeogopa anakojoa ovyo ndani ya nyumba, wakati mwingine juu ya mifuko ya maharagi yenyewe. Yule anayefukuzwa anakwenda kuiba samaki kwa jirani, na ugomvi unatoka katika lupango moja na kuingia mtaa mzima. Mwishoni unabaki na paka mmoja mwenye vidonda, na panya ni wale wale.

Kwanza tuelewe kwa nini wanapigana. Paka anaijua nyumba yake kwa pua. Ukimwona anasugua mashavu kwenye mlango, kwenye kiti, kwenye mguu wako, anaacha harufu yake. Ni kama anasema: hapa ni pangu. Mwingine akitokea ghafla na harufu ngeni, mwenyeji anaona mwizi ameingia. Naye mgeni amepoteza kila harufu aliyoizoea. Hajui mlango wa kukimbilia uko wapi. Wote wawili wanaogopa, na mwenye woga ndiye anayekuwa wa kwanza kutoa kucha.

Kwa hiyo siku ya kwanza wasionane. Kama nyumba ina vyumba viwili, mgeni akae katika kimoja, mlango umefungwa. Mpe maji, chakula, katoni yenye nguo ya zamani, na beseni lenye mchanga au majivu la kwendea haja. Mwache siku tatu, nne, mpaka ale vizuri na aache kujificha. Mwenyeji aendelee na maisha yake kama kawaida, ale mahali pake, alale mahali pake. Asinyang'anywe kitu kwa sababu ya mgeni.

Halafu wafahamiane kwa harufu. Chukua kipande cha kikwembe kilichochakaa, sugua nacho mashavu ya mgeni, kiweke karibu na mahali mwenyeji anapolia chakula. Fanya hivyo pia kwa upande wa pili. Akikinusa na kuendelea kula, mambo yanakwenda vizuri. Akikiangalia na kutoa ile sauti ya "ssss", kisogeze mbali, urudie kesho.

Sasa walishe saa moja, mmoja upande huu wa mlango na mwingine upande ule. Siku ya kwanza sahani zikae mbali na mlango, kama hatua tatu. Kila siku zisogeze kidogo. Paka anajifunza kwamba ile harufu ya mwingine inakuja pamoja na kichwa cha samaki, na chuki inaanza kupoa. Wakishakula karibu na mlango bila kunguruma, fungua kwa upana wa vidole viwili na ufunge kamba ili mlango usifunguke zaidi. Waonane hivyo siku kadhaa.

Ndipo waonane bila mlango, dakika tano tu, wakati wa chakula, na mtu mkubwa yupo. Kesho dakika kumi. Ukiona masikio yamelala nyuma, mkia umevimba kama brashi, au mmoja anamkazia macho mwenzake bila kupepesa, weka kipande cha katoni kati yao na uwatenge kwa utulivu. Kutoa sauti ya "ssss" mara moja moja si vita. Ni onyo, na onyo ni sehemu ya mazungumzo yao. Kazi yote inaweza kuchukua wiki mbili, nne, hata zaidi. Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa paka methali hii haifai: siku ya tatu bado hajatoka chumbani.

Najua swali linalokuja kutoka Kigonze: sisi tuna bashi moja na chumba kimoja, mlango huo wa kufunga uko wapi? Ni swali la haki. Hapo tumia kikapu kikubwa cha kubebea kuku. Kigeuze, weka jiwe juu, funika nusu yake kwa nguo ili mgeni apate giza la kujifichia. Lakini asikae humo mchana na usiku. Fanya zamu: mwenyeji akitoka kutembea, funga kibanda, mgeni atoke azunguke, anuse, asugue mashavu yake. Mwenyeji akirudi, mgeni anaingia kikapuni. Ni kazi, ndiyo. Watoto wakubwa wanaweza kuifanya vizuri kuliko sisi.

Na kila kitu kiwe viwili: sahani mbili, hata kama ni vifuniko vya makopo, maji mahali pawili, mabeseni mawili, fasi mbili za kulala. Moja iwe juu, kwenye sanduku au ubao, maana paka akiwa juu anatulia. Ukiweka sahani moja ili wajifunze kugawana, umepanga vita mwenyewe.

Mgeni asitoke nje peke yake kabla ya wiki mbili au tatu. Paka anayetolewa mapema anatafuta nyumba yake ya zamani. Kama nyumba hiyo ni mtaa wa pili, utamfuata. Kama alibebwa katika kikapu kutoka kijiji ambacho leo hakuna mtu, atapotelea njiani.

Jambo lingine ni kuchagua. Madume wawili wasiohasiwa ndio wagumu zaidi kupatanisha. Kama mwenyeji ni dume, jike ni rahisi zaidi, lakini kumbuka kwamba mimba ya paka ni kama miezi miwili tu, na wale watoto watataka kula. Anayeweza kumfikia munganga wa mifugo amuulize juu ya kuhasi.

Wengine wananiuliza: chakula cha watu hakitoshi, tutalishaje paka wawili? Sisemi muwape nyama. Mabaki ya bugali na mchuzi wa samaki, kidogo asubuhi na kidogo jioni, yanatosha kumfanya akae nyumbani, na sehemu iliyobaki ataiwinda. Paka mwenye njaa kali si lazima awe mwindaji bora. Mara nyingi anakuwa mwizi bora.

Sasa sehemu ambayo naomba msikilize kwa makini. Wakati wa ugomvi, usiingize mikono kati ya paka. Meno yao ni membamba na yanaingiza uchafu ndani sana. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, halafu aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, maana kichaa cha mbwa kinapita pia kwa paka, na dalili zake zikishaanza, mtu haponi.

Tena, Ituri yetu ni moja ya sehemu za dunia ambako ugonjwa wa tauni, tunaouita pesti, haujaisha. Watu wa Rethy wanaujua. Viroboto wa panya ndio wanaoubeba, na paka anayekamata panya anaweza kuupata au kuleta viroboto hao ndani ya nyumba. Basi paka si dawa ya pesti. Asilale kitandani pamoja na watoto. Ukiona panya wengi wamekufa ovyo, usiwaguse, usimwachie paka, mwarifu muuguzi. Ukiona paka ana homa na uvimbe chini ya taya, usimshike. Na mtu akishikwa na homa kali na uvimbe kwenye kinena au kwapani, asingoje: dawa zipo na zinaponya zikianza mapema. Na anayeweka sumu ya panya awaambie majirani, kwa sababu paka anayekula panya mwenye sumu anakufa naye.

Kwa hayo yote naomba mambo mawili. La kwanza ni kwa familia. Kabla paka mpya hajaingia katika lupango, mwenye nyumba na aliyepokelewa wakae chini dakika chache: atakaa wapi, nani atamlisha, nani atasafisha beseni, na akimuumiza mwingine tutafanya nini. Aliyepokelewa aombe ruhusa, hata kama ni paka tu. Mwenye nyumba asiseme hapana kwa haraka, kwa maana panya hawaulizi mfuko ni wa nani.

La pili ni kwa wakubwa wa mitaa, wa kambi na wa huduma ya mifugo. Chanjo ya kichaa cha mbwa inapotangazwa, tangazeni pia kwamba paka waletwe. Watu wengi wanaamini ni ya mbwa tu. Na mashirika yanayogawa chakula yafikirie mapipa yenye vifuniko, kwa sababu paka mmoja au wawili hawawezi kulinda mfuko uliowekwa juu ya udongo.

Sitaki mtu aseme kwamba ninawafananisha wakimbizi na paka. Watu wana lugha, wanaweza kuongea na kusameheana, na hawahitaji mlango kati yao. Lakini nimeona ugomvi mkubwa ukianza kwa kitu kidogo kama hiki, baina ya watu waliokuwa wamegawana chumvi na maji. Kama wiki tatu za uvumilivu na kipande cha kikwembe vinaweza kuokoa unga wa familia mbili na salamu za asubuhi, mimi naona ni bei ndogo. Kama una paka wawili waliopatana, au walioshindwa kupatana, tuletee habari redioni, na wengine wajifunze kwako.