Mgeni wa gesti analipia chumba, halipii mtu



Naomba nafasi katika gazeti letu ili nitoe maoni yangu juu ya tabia ya baadhi yetu tunapolala katika nyumba za wageni, ambazo wengi tumezoea kuziita gesti.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Baadhi ya wasichana tunaowafundisha, wakishindwa kuendelea na masomo, huenda mjini kutafuta kazi, na kazi wanayoipata upesi ni ya uhudumu wa gesti. Ninapokwenda wilayani kwa semina huwakuta huko. Usiku hupokea wageni na kuwabebea ndoo za maji, asubuhi hufua mashuka, na mchana wamo tena mapokezi. Wananisimulia mambo ambayo mwalimu hapendi kuyasikia juu ya mtoto aliyemfundisha kusoma.

Wapo wageni ambao wakishapewa ufunguo hujiona wamenunua nyumba pamoja na waliomo. Humwita mhudumu chumbani usiku wa manane kwa kisingizio cha sabuni au taulo. Binti akikataa kuingia, asubuhi hushtakiwa kwa mwenye nyumba kwamba ana kiburi. Mwenye nyumba naye, kwa kuogopa kumpoteza mteja, humkata mshahara au humfukuza kabisa. Je, huo ndio utu?

Wahenga wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere alitukumbusha methali hiyo mwaka 1962 katika kijitabu chake juu ya Ujamaa. Najua watatokea wa kusema kwamba methali hiyo haimhusu mgeni wa gesti, kwa sababu yeye amelipa. Ni kweli fedha yake imemwondolea jembe, lakini haikumwondolea adabu. Alicholipia ni kitanda, chandarua, maji na usalama wa usiku mmoja. Kitabu cha wageni humwuliza jina, kabila, kazi, atokako na aendako. Hakina mahali pa kuandika kwamba amemnunua mhudumu.

Tena sheria ipo. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kumsumbua mtu kijinsia, iwe kwa maneno au kwa vitendo, ni kosa la jinai. Sheria hiyo haikusema kwamba mwenye ufunguo wa chumba amesamehewa.

Wenye gesti nao wasijifiche nyuma ya wageni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki, na inataka mfanyakazi apumzike saa 24 mfululizo katika kila wiki. Binti anayelala kwenye benchi la mapokezi siku zote saba, akiamshwa kila mlango unapogongwa, anapumzika lini?

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, kila mhudumu apewe mkataba wa maandishi, na zamu ya usiku isiachwe kwa msichana mmoja peke yake. Pili, maafisa wanaokuja kukagua vyoo na mashuka wawaulize pia wahudumu wanaishije, na waulizwe wakati mwenye nyumba hayupo. Tatu, sisi wageni tukimwona mwenzetu akimsumbua mhudumu tusigeuzie uso ukutani tukasema hayatuhusu.

Wahenga hao hao walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika gesti, mwenyeji wetu ni yule binti anayetupokea usiku. Tujiulize tunapofunga mizigo asubuhi kuwahi basi, kama tumemwacha amepona.

Mwalimu wa Kijijini,
Singida.