Kabla ya kuuza miti kwa ajili ya ada, muulize atafanya kazi wapi

Wiki mbili zilizopita mama mmoja wa Mafinga alinipigia simu. Baada ya kamwene na habari za mvua, akaingia kwenye lililomleta. Ana shamba la miti ya paini, sasa ina miaka tisa, na mnunuzi ameshafika bei. Binti yake ana shahada ya uhasibu na anafanya kazi kwenye SACCOS moja Mbeya mjini. Amepata nafasi ya kusoma uzamili wa fedha Dar es Salaam, ila lazima aache kazi. Ada, chumba na chakula vyote vinaitegemea hiyo miti.

Nikamuuliza: akimaliza, anataka kufanya kazi wapi?

"Hilo sijamuuliza, dada. Nilijua popote patakapopatikana."

Mzazi mwenzangu, hapo ndipo wengi tunapokosea. Tunauliza chuo gani kina jina, tunasahau kuuliza mwajiri yuko wapi na anataka nini. Kijana anayetaka kazi ya hisa na hatifungani, Dar ndiyo kwake. Soko la Hisa liko huko tangu lianze biashara mwaka 1998, na makao makuu ya benki kubwa yako huko pia. Kusoma IFM au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kunamkutanisha mapema na watu wa kazi hiyo. Anayelenga Wizara ya Fedha aitazame Dodoma.

Lakini Mbeya na Iringa kazi za fedha zina sura nyingine. Ni matawi ya benki, halmashauri, viwanda, kampuni za chai na mbao, AMCOS na SACCOS. Hapa mtu hulipwa kwa kujua kumpima mkopaji ambaye kipato chake ni mpunga wa Mbarali au viazi vya Uyole, na kufunga hesabu zisizorudishwa na mkaguzi. SACCOS nazo siku hizi zinabanwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kwa hiyo anayeifahamu sheria hiyo ana soko.

Halafu kuna CPA. Uzamili hauchukui nafasi yake. Huwezi kutia saini ripoti ya ukaguzi wa hesabu kama hujasajiliwa na NBAA, hata uwe na shahada tatu. Mitihani yake mtu anaweza kujiandaa nayo jioni baada ya kazi, mshahara ukiendelea kuingia. Na uzamili wenyewe haupo Dar tu: Mzumbe wana ndaki Mbeya, Chuo Kikuu cha Iringa wana uzamili wa usimamizi wa biashara. Uliza ratiba ya jioni, na uliza waliomaliza mwaka jana wameajiriwa wapi. Wakikujibu kwa maneno matamu tu bila kutaja hata mwajiri mmoja, umepata jibu lako.

Nilimwambia yule mama ampe binti kazi moja: atafute matangazo matano ya kazi anazozitaka kwelikweli, asome sifa zinazotakiwa.

Juzi akanipigia tena. Binti alikuwa amesoma matangazo yake, akamwambia, "Mama, mimi nataka kubaki huku Mbeya, niwe meneja wa mikopo." Katika matangazo matano, matatu yalitaka CPA, na yote yalitaka uzoefu kazini, ule ule aliokuwa anataka kuukatisha. Amejisajili NBAA. Uzamili ataufikiria baadaye, akiwa kazini.

Angeniambia anataka Soko la Hisa, ningemshauri mama akate nusu shamba, na nisingeona haya.

Mnunuzi wa miti amehamia kwa jirani.