Ncha za Usukani Zisifanyiwe Mzaha

Pikipiki inaweza kulala chini bila hata mwendo: stendi imezama kwenye mchanga, au dereva amekosa pa kukanyaga wakati akigeuza na mzigo. Watu huinyanyua, hufuta vumbi, hutazama taa na kioo. Mara nyingi vyote ni vizima. Kilichopokea kishindo ni ncha ya usukani, pamoja na leva na gripu zilizo jirani yake, kwa sababu ndiyo iliyotangulia ardhini huku zaidi ya kilo 100 zikiifuata. Vijiweni na kwenye magereji ya uchochoroni kuna majibu yaliyozoeleka kuhusu uharibifu huo. Baadhi yana ukweli nusu, mengine ni ya hatari. Ninaanza na lile ninaloliogopa zaidi.

"Ni mkwaruzo tu, twende kazi." Ikiwa pikipiki imelalia kushoto, huenda kweli ni mkwaruzo tu. Ikiwa imelalia kulia, usiwashe kwanza. Upande wa kulia ndio wenye mkono wa mafuta: gripu imevikwa juu ya bomba la plastiki, na bomba hilo linazunguka juu ya usukani. Kati ya mwisho wa bomba hilo na kile kizito cha chuma kilichofungwa kwenye ncha kuna mwanya mdogo, kama milimita moja au mbili. Pikipiki ikiangukia kulia, kizito husukumwa ndani au hukaa upande, na ule mwanya huisha. Hapo plastiki inasuguana na chuma. Ukikunja mafuta yanakubali, ukiachia hayarudi. Dereva anafika kwenye mataa, anaachia mkono, injini inabaki na resi na pikipiki inaendelea kusukuma mbele, naye ana abiria mgongoni.

Kupima hakuhitaji kifaa chochote. Injini ikiwa imezimwa, kata usukani wote kushoto, kunja mafuta mpaka mwisho, kisha achia ghafla. Lazima yarudi yenyewe na usikie mlio wa kugonga. Rudia usukani ukiwa katikati, halafu ukiwa umekatwa wote kulia. Yakirudi kwa uvivu hata upande mmoja, hujamaliza. Baada ya hapo washa injini na ukate usukani huku na huku bila kugusa mafuta. Resi zikipanda, waya wa mafuta umevutika au umepita pasipo pake. Pale pikipiki ilipolalia mchanga, fungua kizito, vua bomba la plastiki, futa chembe zilizoingia, paka mafuta mepesi kidogo sana na urudishe. Grisi nzito isitumike hapa, kwa sababu hukusanya vumbi na baada ya wiki kadhaa hugeuka kama tope.

Wapo wanaotatua kwa kukata kipande cha gripu ili isiguse kizito. Hiyo inasaidia tu ikiwa kinachogusa ni raba. Ikiwa bomba la usukani lenyewe limebonyea mwishoni, mdomo wake umepoteza duara na utaendelea kuibana plastiki. Kama kilichobaki ni ukali wa ukingo tu, tupa ndogo inatosha kuusawazisha, ndani na nje. Kama bomba limebonyea, usukani ubadilishwe.

"Vile vizito vya mwisho ni urembo, toa vyote viwili vilingane." Ushauri huu hutolewa kimoja kinapopotea au bolti yake inapokatika. Vizito vina kazi tatu, na hakuna hata moja ya urembo. Kwanza hupunguza mtikisiko: injini ya silinda moja hutetemesha usukani, na uzito ule wa mwishoni huutuliza. Anayeendesha kutwa nzima bila vizito huujua ubaya wake jioni, vidole vikiwa na ganzi. Pili hutangulia kupokea kishindo, ili leva na gripu zisipigwe moja kwa moja. Mikwaruzo iliyo juu ya kizito inaonyesha kwamba kimefanya kazi yake. Ipige tupa, ipitishie msasa, paka rangi ukitaka, mambo yameisha.

Kazi ya tatu ndiyo isiyotajwa kabisa, nami naiona kubwa. Usukani wa pikipiki nyingi za kazi ni bomba lenye kipenyo cha milimita 22 mahali pa kushika. Bomba lisilozibwa, ambalo raba ya gripu imechanika mwishoni, ni pete ya chuma yenye makali. Mwili ukiliangukia, linaingia kwenye tumbo au paja. Ndiyo maana kanuni za mashindano za Shirikisho la Kimataifa la Pikipiki zinataka ncha za usukani zizibwe. Madaktari wa watoto wanalijua jambo hili hata kwa baiskeli: mtoto anaanguka kwa mwendo mdogo, ngozi ya tumbo haionyeshi kitu kikubwa, kumbe kiungo cha ndani kimeumia. Kama huna kizito leo, ziba kwa kizibo kigumu cha raba kinachobana vizuri mpaka upate kipya. Mfuko wa nailoni uliokunjwa na kusokomezwa ndani si kizibo.

"Usukani umepinda, lete gesi tuunyooshe." Kabla ya gesi, ulizeni kama umepinda kweli. Baada ya kuanguka kidogo, mara nyingi kilichosogea ni shokapu za mbele ndani ya vikamatio vyake: gurudumu linatazama mbele, usukani unatazama pembeni, na kila kitu kimebaki kizima. Legeza ekseli ya mbele na bolti zinazobana shokapu sehemu ya chini, simama mbele ya pikipiki, bana gurudumu kwa magoti, kisha zungusha usukani taratibu mpaka ukae sawa. Kaza tena zote, na ukague kwamba breki ya mbele haishiki gurudumu. Halafu chukua kamba, pima kutoka katikati ya taa ya nyuma mpaka kila ncha ya usukani, gurudumu likiwa limenyooka. Urefu ukilingana, na kwa jicho ncha zikiwa kimo kimoja, gesi ya nini?

Ukiwa umepinda kweli, msimamo wangu ni mmoja: badilisha. Chuma kilichopinda na kurudishwa kimechoka pale pale kilipopindia, na moto wa gesi hubadilisha uimara wake na kuunguza kromu, kutu ikaanzia hapo. Kwa alumini ni mbaya zaidi, kwa sababu haionyeshi dalili. Hunyooka vizuri, hung'arishwa, kisha hukatika ghafla. Usukani wako ni wa kitu gani, sumaku itakuambia: ikinata ni chuma, isiponata mara nyingi ni alumini. Mahali ulipopindia nako kuna maana. Ukivuta ncha, nguvu huongezeka kadiri unavyokaribia vikamatio vya katikati, kwa hiyo mpindo ulio karibu na vikamatio ni wa kuogopa kuliko ulio mwishoni. Anayesema usukani uliochomelewa huwa imara kuliko mwanzo aangalie unapokatika tena: ufa huota kando ya ule mshono, pale joto lilipokidhoofisha chuma.

Lipo pia dai la upande wa pili, la fundi anayetaka kuuza: "Ukianguka, kila kitu cha mbele kibadilishwe." Hapana. Usukani ulionyooka, usio na ufa wala kubonyea, wenye mkwaruzo juu ya kizito tu, haubadilishwi.

"Leva imekatika ncha tu, vidole viwili vinatosha." Kile kitufe cha duara mwishoni mwa leva kimewekwa ili leva isichome. Kwenye mashindano hutakiwa kiwe na kipenyo kisichopungua milimita 16. Kikikatika, kinachobaki ni mkuki unaotazama nje. Na kwa breki ya mbele ya drum inayovutwa kwa waya, ule urefu ndio unaokupa nguvu; vidole viwili kwenye kisiki cha leva havitasimamisha pikipiki yenye abiria kwenye mteremko wa Kitonga. Leva iliyopinda nayo isirudishwe kwa nyundo. Ni alumini ya kumiminwa, na ufa unajificha karibu na bolti yake. Unapofunga mpya, usikaze kikamatio chake mpaka mwisho: kikaze kiasi cha kutosogea kwa mkono, lakini kiweze kuzunguka kikipigwa. Safari nyingine ikianguka, leva itageuka badala ya kukatika.

"Gripu mpya ingiza kwa sabuni, itakauka." Inakauka, halafu mvua ya kwanza inailainisha, na gripu ya kushoto inaanza kuchezacheza mkononi. Futa usukani kwa spiriti, tumia gundi ya gripu, iache ishike usiku kucha.

Nimebakiza dai la mwenye pikipiki: "Dereva aliyeangusha ndiye atakayetengeneza, na hesabu yangu jioni iwepo." Kijana aliye kwenye mkataba, akiwa na hesabu ya kupeleka, hatachagua usukani mpya. Atamwambia fundi, "Kaka, nipigie nyundo mara moja nirudi kijiweni," na fundi atapiga. Usukani ni mali ya mwenye pikipiki, pamoja na dhamana ya chombo kilichobeba watu. Wagawane gharama ya kipuri wakitaka, lakini hesabu ya siku hiyo isidaiwe, na pikipiki isiondoke gereji kabla mafuta hayajarudi yenyewe, usukani ukiwa umekatwa kushoto, umenyooka, na umekatwa kulia.