"Sisi" ya Zamyatin na "sisi" ya Mkangi

Hapa Kisangani bado tunaambiana kwamba Kiswahili ni cha soko, sayansi ni ya Kifaransa. Mimi sikubali.

Yevgeny Zamyatin, mhandisi wa meli, aliandika riwaya yake "Sisi" mnamo 1920-1921. Kwao Urusi haikuchapishwa hadi 1988. Ndani yake "sisi" inameza watu mpaka wanaitwa kwa namba.

Katama Mkangi, Mkenya aliyewekwa kizuizini 1986, alitoa "Walenisi" mwaka 1995. Dzombo anahukumiwa kifo, anarushwa angani, anafika sayari nyingine. Tamkeni jina lake polepole: wale ni sisi. Sentensi nzima imegeuka nomino! Wageni wamo ndani ya "sisi". Ningeanza kuisoma katika kozi ya mofolojia, hata kabla ya fasihi.