Mambo ya Michezo: Asiyekubali Kushindwa si Mshindani

Wavuvi wa Bodo, katika nchi ya Kwale, ambao huvuka mkono wa bahari kwenda Kisiwa cha Funzi na kurudi, wanajua vema kwamba nahodha hapimwi siku ya bahari shwari. Hupimwa wakati wa kusi, bahari inapochafuka na tanga linapotaka kuraruka. Tena hupimwa zaidi siku ile anapotambua kwamba bahari imemshinda, akageuza omo kurudi pwani, na watu wake wote wakiwa hai.

Kipimo hicho cha baharini chafaa pia kumpimia bingwa wa ngumi. Watu wengi husimulia ushindi wa Muhammad Ali, bingwa wa dunia wa uzito wa juu, lakini ni wachache wasimuliao siku alizoshindwa. Siku hizo zilikuwa tano tu katika mapigano 61 aliyopigana kwa malipo, tangu mwaka wa 1960 hata mwaka wa 1981. Mara 56 alishinda. Walakini katika mara hizo tano limo fundisho kubwa kuliko lililomo katika ushindi wake wote.

Bwana Ali alizaliwa mjini Louisville, nchi ya Marekani, tarehe 17 Januari, 1942, akapewa jina la Cassius Clay. Alitwaa ubingwa tarehe 25 Februari, 1964, alipomshinda Sonny Liston, kisha akautangaza Uislamu wake na jina lake jipya. Mwaka wa 1967 alikataa kuandikwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Kwa sababu hiyo alivuliwa ubingwa, akanyimwa ruhusa ya kupigana, akakaa nje ya ulingo zaidi ya miaka mitatu. Aliporudi mwaka wa 1970, miguu yake haikuwa tena na wepesi ule wa ujana.

Kushindwa kwa kwanza kulimjia mjini New York, tarehe 8 Machi, 1971, mbele ya Joe Frazier. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amepata kushindwa, na kila mmoja aliahidiwa dola 2,500,000. Katika raundi ya 15, ambayo ndiyo ya mwisho, konde la kushoto la Frazier lilimwangusha Ali chali. Aliinuka upesi, akapigana mpaka kengele, lakini waamuzi wote walimpa Frazier ushindi. Ali alirudi mazoezini. Alimshinda Frazier mwezi wa Januari, 1974, akamshinda tena mjini Manila tarehe 1 Oktoba, 1975.

Mara ya pili ilikuwa mjini San Diego, tarehe 31 Machi, 1973. Aliyemshinda ni Ken Norton, mtu ambaye wengi hawakumtazamia. Taya ya Ali ilivunjika, naye akapigana hivyo hivyo mpaka mwisho wa raundi 12, akashindwa kwa pointi. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule walikutana tena, na Ali akashinda kwa pointi chache.

Hapana budi kuutaja hapa mji wa Kinshasa, kwa kuwa huko aliyeonja uchungu ni mwingine. Tarehe 30 Oktoba, 1974, kabla ya mapambazuko, Ali alipigana na bingwa George Foreman, ambaye alikuwa ameshinda mapigano 40 bila ya kushindwa hata moja. Ali aliegemea kamba, akajikinga, akamwacha kijana yule ajichoshe kwa makonde yake mwenyewe. Katika raundi ya 8 alimwangusha. Foreman alivunjika moyo sana, lakini maisha yake hayakuishia Kinshasa. Miaka 20 baadaye, tarehe 5 Novemba, 1994, alimwangusha Michael Moorer akaurudisha ubingwa, na umri wake ulikuwa miaka 45. Foreman naye, mpaka alipouacha mchezo, alikuwa ameshindwa mara tano, sawasawa na Ali.

Mara ya tatu Ali alishindwa na kijana Leon Spinks, mjini Las Vegas, tarehe 15 Februari, 1978. Spinks alikuwa amepigana kwa malipo mara saba tu kabla ya siku hiyo. Bingwa alimdharau, asijitayarishe vya kutosha, na dharau ikamlipa. Lakini tarehe 15 Septemba mwaka ule ule, mjini New Orleans, alimshinda Spinks, akawa mtu wa kwanza kutwaa ubingwa wa uzito wa juu mara tatu. Mwaka uliofuata akatangaza kwamba ameacha ngumi. Lau angelishika neno lake, hesabu yake ingekuwa kushindwa mara tatu, na kila aliyemshinda amelipwa.

Mwaka wa 1980 ulimwendea vibaya tangu mwanzo. Mwezi wa Februari alitumwa Afrika na Rais Jimmy Carter, aziombe serikali zisipeleke wanamichezo kwenye Olimpiki ya Moscow, kwa sababu majeshi ya Urusi yalikuwa yameingia Afghanistan. Alifika kwanza Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Waandishi wa habari walimwuliza swali ambalo hakuwa na ngao yake: mwaka wa 1976 nchi za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo, zilikataa kwenda Montreal kwa ajili ya timu ya raga ya New Zealand iliyotembelea Afrika Kusini ya wakaburu. Je, Marekani ilisimama pamoja nao? Ali alikiri kwamba habari hiyo hakuelezwa kabla ya kutumwa, akaingiwa na shaka kwamba labda anatumiwa. Kukiri huko, mbele ya watu wote, ni ushujaa pia. Kutoka huko alikwenda Nairobi, akapokewa vizuri, na Kenya haikwenda Moscow. Tanzania ilikwenda, ikarudi na nishani mbili za fedha, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui.

Miezi minane baadaye, tarehe 2 Oktoba, 1980, Ali aliingia tena ulingoni mjini Las Vegas, naye ana miaka 38. Aliyemkabili alikuwa Larry Holmes, ambaye zamani alikuwa kijana wake wa kufanyia mazoezi. Kwa raundi 10 Ali alipigwa asiweze kujibu, hata mwalimu wake, Angelo Dundee, akamwambia refa kwamba basi, imetosha. Katika maisha yake yote hiyo ndiyo mara pekee aliyoshindwa kabla ya raundi kwisha. Hata hivyo hakusikia. Tarehe 11 Desemba, 1981, mjini Nassau katika visiwa vya Bahama, alipigana na Trevor Berbick, akashindwa kwa pointi. Hapo ndipo alipoacha kweli.

Wala si kwamba hakuonywa. Mwaka wa 1977 daktari wake, Ferdie Pacheco, alimshauri aache. Alipoona hasikilizwi, daktari huyo alijitoa mwenyewe katika kazi ile. Mwaka wa 1984 ilitangazwa kwamba Ali ana ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson. Ulimi uliokuwa ukitamba duniani kote ukawa mzito, na mikono iliyokuwa myepesi kama umeme ikatetemeka alipouwasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta mwaka wa 1996. Alifariki tarehe 3 Juni, 2016, akiwa na miaka 74.

Wakenya nao wana kilio chao katika mji ule ule wa Las Vegas. Robert Wangila, Mkenya wa kwanza kupata nishani ya dhahabu ya ngumi katika Olimpiki, aliyoipata Seoul mwaka wa 1988, alipigana huko mwezi wa Julai, 1994. Baada ya pigano hilo alizimia, na siku chache baadaye mauti yakamchukua. Wazazi wenye vijana wapendao mchezo huu wasiyasahau mambo hayo. Mchezo wenyewe hufundisha nidhamu na ujasiri, lakini kichwa cha mwanadamu si ngoma. Daktari akisema imetosha, imetosha.

Basi, kushindwa ni kwa namna mbili. Kuko kushindwa kwa mtu aliyejaribu, akaanguka, akarudi kuuliza alikosea wapi. Huko hakuna aibu, nako ni sawa na kushindwa kwa mkulima ambaye mahindi yake yamekauka, naye msimu wa pili akapanda mapema zaidi. Mara tatu za kwanza za Ali zilikuwa hivyo, na kila mara alirudi amejifunza. Kuko na kushindwa kwa mtu aliyekwisha ambiwa kwamba wakati wake umepita, naye akaziba masikio kwa kuwa bado anasikia vigelegele vya jana. Mara mbili za mwisho zilikuwa hivyo, na fidia yake haikupatikana.

Wahenga walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Neno hilo hutumiwa sana kumtuliza aliyeshindwa leo, lakini linamhusu zaidi yule ambaye bado anashinda. Nahodha wa Bodo aligeuzaye omo pepo zinapokaza hachekwi na mtu. Kesho bahari itatulia, na chombo chake kitakuwapo pwani kikimngoja.