BUNDUKI YA KWANZA YA MKULIMA

Wako wakulima wasemao Kiswahili, waliotoka Kongo na Burundi wakahamia Marekani, ambao leo wana mashamba yao madogo huko, wakifuga kuku, mbuzi na kondoo. Karatasi hii yaandikwa kwa ajili yao. Adui wa mifugo katika nchi ile si fisi wala chui. Ni koyote, mnyama wa jamii ya mbwa, mwenye uzito wa ratili 20 hata 50, naye yuko katika majimbo yote isipokuwa Hawaii. Huwinda zaidi alfajiri na jioni, wala haogopi kukaa karibu na nyumba za watu.

Mkulima akipotewa na mbuzi wawili katika juma moja, moyo wake huwaka, na mara huenda dukani kutafuta bunduki. Huko huonyeshwa bunduki zijipakiazo zenyewe, yaani zile ambazo kila ukivuta kifyatulio hutoka risasi moja tu, kisha mtambo wenyewe hulitupa ganda tupu na kuingiza risasi nyingine. Katika bunduki ndogo za .22 kazi hiyo hufanywa na msukumo wa ganda lirudipo nyuma. Katika nyingi zilizo kubwa hufanywa na hewa ya baruti ichukuliwayo katika tundu dogo la mtutu. Muuzaji humwambia, "Chukua hii kubwa, itakufaa kwa yote mawili, shabaha na koyote." Mkulima hulipa, akaenda zake.

Shauri letu ni kinyume cha hilo. Bunduki ya kwanza na iwe .22, na hiyo kubwa ingoje.

Twajua neno litakalojibiwa: kwa nini mtu maskini anunue mara mbili? Neno hilo lina haki yake, nasi hatulidharau. Lakini hesabu haiishi katika bei ya bunduki. Yaendelea katika bei ya risasi. Kwa fedha za risasi moja ya .223 mtu hupata kadhaa za .22, na kulenga shabaha hakujifunzwi ila kwa kupiga mara nyingi. Mwenye bunduki kubwa hupiga risasi 20 siku ya Jumamosi, akaona fedha zimekwisha, akaiweka ukutani hata koyote aje. Tena yako mambo ya kishindo. Nimesimama kando ya mtu mzima, hodari wa jembe, ambaye kila alipotaka kuvuta kifyatulio alifumba macho kwanza. Mazoea hayo yakiisha kuingia mwilini, ni kazi kubwa kuyatoa. Bunduki ya .22 haina kishindo cha kumtisha mtu, wala haimsukumi bega; hata hivyo yapasa kuziba masikio na kuvaa miwani ya kukinga macho kila mara.

Katika .22 zijipakiazo, iliyoenea sana ni Ruger 10/22, iliyoanza kuuzwa mwaka 1964. Uzito wake ni kama ratili 5, kikasha chake huchukua risasi 10, na vipuri vyake hupatikana kila mahali. Marlin Model 60, ya tangu mwaka 1960, hupatikana kwa mkono wa pili, nayo hupiga vizuri. Ila risasi zake hukaa katika bomba lililo chini ya mtutu, na mwanafunzi aweza kudhani limekwisha kumbe imebaki moja. Kwa sababu hiyo sisi twapenda ile yenye kikasha kitokacho. Utakitoa, utavuta mtambo nyuma, utatazama ndani kwa jicho na kutia kidole.

Sasa twaseme wazi jambo ambalo wapenda .22 hulificha. Bunduki hii si ya koyote. Risasi yake ya kawaida ina punje 40 (punje 7,000 ni ratili moja), nayo hutoka kwa mwendo wa futi kama 1,200 kwa sekunde. Ile ya .223 ina punje 55, nayo hutoka kwa mwendo wa futi kama 3,200. Ukipiga hesabu, nguvu ya hii ya pili ni karibu mara kumi. Mtu ampigaye koyote kwa .22 akiwa mbali yadi 80 humtia jeraha tu, na mnyama huenda kichakani akafa polepole kwa siku nyingi. Hayo si mawindo.

Basi, mkulima afanye nini katika miezi ya kujifunza? Awalaze mbuzi ndani, afunge kuku kabla ya magharibi, na ajenge ua wa waya wenye umeme. Mbwa mkubwa wa kulinda, aliyelelewa pamoja na kondoo tangu mtoto, ana faida nyingi. Haya yote yangalipasa kufanywa hata kama bunduki ipo, kwa kuwa koyote mmoja akiuawa, mara nyingi mwingine huja kushika mahali pake. Na mwenye mbwa wa kulinda akumbuke kwamba gizani mbwa na koyote hufanana.

Habari ya sheria si ndefu, lakini ikikosewa huleta kifungo. Sheria ya nchi nzima, ya mwaka 1968, yamkataza muuzaji mwenye leseni kumwuzia bunduki ya namna hii mtu asiyetimiza miaka 18, nawe utajaza karatasi ya maswali. Mwenye hati ya ukazi wa kudumu aweza kununua. Aliyeingia kwa viza ya muda, kwa kawaida hawezi. Usikubali kamwe kuchukua fedha za mwenzako ukamnunulia kana kwamba bunduki ni yako, hata akiwa ndugu wa tumbo moja: hilo ni kosa kubwa. Kila jimbo tena lina sheria zake za leseni ya kuwinda na za bunduki zijipakiazo. California, New York, Illinois na Washington hukataza kuuza nyingi za namna ya AR-15. Aliye huko asisikitike, kwa maana bunduki ya komeo ya .223 humtosha, koyote akikoswa kwa risasi ya kwanza, ya pili humkuta amekwisha kutoweka.

Mahali pa kulengea pawe na kilima cha udongo nyuma yake. Usipige kitu kilicho juu ya ukingo wa kilima ambapo nyuma yake ni mbingu tupu, kwani hata risasi hii ndogo yaweza kufika zaidi ya maili moja. Nyumbani bunduki ikae tupu, imefungwa kwa kufuli, na risasi zikae mahali pengine penye kufuli lake.

Weka karatasi yadi 50, uchore duara lenye upana wa kisahani cha chai, upige risasi tano pasipo haraka. Siku zote tano zitakapoingia ndani ya duara, Jumamosi tatu mfululizo, rudi dukani uulize habari za .223.