Kwani Ziwa Linapimwa kwa Ratili?

Mita 1.60. Kilo 54.55 kwa mwanamume, 50 kwa mwanamke. Miaka 18 hadi 26. Usiwe na rekodi ya uhalifu, na kama wewe ni msichana, usiwe mjamzito siku ya usajili wala wakati wa mafunzo. Kila KDF ikitangaza nafasi, orodha hii inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kutoka Mbita hadi Isebania, na vijana wanaanza kukimbia barabarani kabla jogoo hajawika.

Hebu iangalie hiyo 54.55 vizuri. Nani hupima mtu hadi desimali mbili? Chukua ratili 120, gawanya kwa 2.2, utaipata. Ile 50 ya wanawake ni ratili 110. Mita 1.60 ni futi tano na inchi tatu. Yaani kipimo kilikatwa kwa futi na ratili za Mwingereza, kikavalishwa kilo, na sisi tunakipangia foleni mpaka leo.

Sina shida na jeshi kupima watu. Mwanajeshi wa kudumu atabeba mzigo, atatumwa Somalia, na lazima mwili uweze. Shida yangu ni kwamba kijana wa Migori na Homa Bay ana mlango mmoja tu wa kuitumikia nchi kwa sare, unafunguliwa siku moja uwanjani, na ukipungukiwa inchi moja au ukifika 27, kwisha. Mlango wa pili, wa jeshi la akiba, upo kwenye karatasi. Sheria ya KDF ya 2012 inautaja. Nazungumzia watu wenye kazi zao, wanaofunzwa wikendi na likizo, wanaoitwa kukiwa na haja. Mimi sijawahi kuona tangazo la kumwita mvuvi wa Muhuru Bay ajiunge na akiba hiyo. Wewe umeona?

Na si ati Kenya haijawahi kuwa na jeshi la namna hiyo. Mwaka 1937 liliundwa Kenya Regiment, jeshi la watu wa muda: karani wa benki, mkulima wa Nakuru, wakifanya mazoezi kisha wakirudi kazini kwao. Sharti la kwanza la kuingia lilikuwa rangi. Wazungu pekee. Liliondoka na mkoloni mwaka 1963.

Kwetu masharti yalikuwa mengine. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, Waingereza na Wajerumani walipigana Kisii Septemba 1914, na Homa Bay na Migori za leo zilikuwa ndani ya wilaya hiyohiyo, South Kavirondo. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya kuwachukua Waafrika kwa lazima wawe wapagazi. Mwaka 1917 John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Nyanza, ndiye aliyepewa kazi ya kuwakusanya kwa wingi. Wazee wa Kijaluo wa wakati huo walikuwa wameng'olewa meno sita ya chini kwa mila. Leo pengo linaweza kukurudisha nyumbani kabla hujakimbia hata mzunguko mmoja. Wakati ule mwenye pengo alibebeshwa mzigo. Waliokufa walihesabiwa kwa makumi ya maelfu, na Nairobi ikabaki na soko linaloitwa Kariokor.

Kwa hivyo mtu akiniambia masharti ya kujiunga ni mambo ya kitaalamu tu, nacheka kidogo. Masharti husema nchi inamwona nani kuwa mlinzi na nani kuwa mzigo.

Sasa twende ziwani, kwa sababu huko ndiko hoja yangu iko. Kenya ina karibu asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria. Mpaka wake hauna ukuta wala beria, ni maji. Migingo, kajiwe kenye mabati yaliyobanana kama meno, kamo Nyatike, Kaunti ya Migori. Mwaka 2009 Rais Museveni alisema kisiwa ni cha Kenya lakini maji yanayokizunguka ni ya Uganda. Sasa samaki huvuliwa juu ya mwamba ama majini? Wavuvi wetu wameendelea kukamatwa huko, wanapokonywa nyavu, injini na samaki. Tuna Walinzi wa Pwani, walioanzishwa 2018, na ziwa limo katika kazi yao. Lakini ziwa ni kubwa na usiku ni mrefu.

Nani anayejua boti ipi ni ngeni? Ni mtu anayevua omena kwa taa usiku kucha. Anajua upepo unageuka saa ngapi, anajua injini ya fulani kwa mlio. Anaongea Dholuo na Kiswahili, na ukivuka kwenda upande wa Kuria utampata mwenzake anayeelewana na Mtanzania wa ng'ambo kwa Kikuria. Huyo ana miaka 34, shule aliachia njiani karo ilipokosa, na kimo chake hakijawahi kumzuia kuvuta wavu. Kwenye orodha ya KDF hayupo. Na tangazo la makurutu halisemi neno lolote kuhusu kuogelea!

Masharti ya askari wa akiba wa ziwa ningeyaandika hivi. Aogelee mbele ya mashahidi. Aendeshe boti gizani. Awe amefanya kazi ufuoni miaka mitano, na kamati ya ufuo, wanawake wanaonunua samaki wakiwemo, imkubali hadharani. Mjamzito asubiri ajifungue, nafasi yake iwekwe. Umri ufike 40. Asiwe na kesi ya kumpiga mke. Asiwe mtu wa mkono wa mheshimiwa yeyote. Na alipwe, kwa sababu tayari tuna Polisi wa Akiba, ambao sheria inasema ni watu wa kujitolea, na tumeona kujitolea kunavyoishia: mtu ana bunduki ya serikali na njaa ya nyumbani.

Najua jibu litakalokuja. Bunduki za polisi wa akiba zilikusanywa mwaka 2019 kwa sababu zilikuwa zikitumiwa vibaya. Ukiwapa vijana wa Nyanza sare, uchaguzi ukifika utakuwa umeunda genge. Hofu hiyo siidharau, ndiyo maana nimeanza na tabia kabla ya kimo, na bunduki sijaitaja. Redio, boti na koti la kuokolea vinatosha kuanzia.

Lakini tukisema tabia, tuseme kwa pande zote. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay kwa sababu ya chapisho la mtandaoni. Kesho yake alikuwa maiti, baada ya kulala mikononi mwa polisi Nairobi. Kijana wa Homa Bay akitafuta kazi ataenda kulipia cheti cha tabia njema, alama za vidole zichukuliwe, na cheti hicho kinatolewa na huduma ileile ya polisi. Aliyefunguliwa kesi ya maandamano atajieleza vipi kwenye meza ya usajili? Nauliza kwa sababu wengi wa rika letu wako hapo, na baadhi yao ndio waliotoka barabarani wakiwa wamebeba bendera ya Kenya.

Hiyo meza ya usajili basi iwekwe ufuoni, Mbita, Sori, Muhuru Bay, na mizani iachwe kwenye gari. Mtu wa kwanza kwenye foleni aingie majini.